Uso umepinda, macho yaona viwili, sauti imekauka: kutafuta neva ya fuvu yenye hitilafu

Kichwani mna jozi 12 za neva (mishipa ya fahamu) zinazotoka kwenye ubongo na kupita katika matundu ya fuvu kwenda machoni, usoni, masikioni, mdomoni na kooni. Moja kati yake hushuka hadi kifuani na tumboni. Huhesabiwa kuanzia mbele kwenda nyuma. Ya 1 (kunusa) na ya 2 (kuona) zimeungana na ubongo wa mbele. Zilizobaki zimeshika shina la ubongo: ya 3 na ya 4 juu, ya 5 hadi ya 8 katikati, ya 9 hadi ya 12 chini. Ya 11 ina njia yake ya ajabu, kwani mizizi yake hutoka kwenye uti wa mgongo wa shingoni, ikapanda ndani ya fuvu, kisha ikatoka tena.

Mpangilio huo ndio unaotuongoza. Neva moja ikishindwa peke yake, aghalabu tatizo liko mahali fulani njiani mwake. Mbili tatu zilizo jirani zikishindwa pamoja, tafuta pale zinapopita pamoja. Uso ukilegea upande mmoja na mkono ukalegea upande wa pili, tatizo limo ndani ya shina la ubongo lenyewe. Halafu uliza limeanza kwa kasi gani. Lililoanza kwa dakika hutuelekeza kwenye mshipa wa damu ulioziba au kupasuka; la saa hadi siku chache, kwenye maambukizi au kinga ya mwili iliyochokozeka; la wiki na miezi, kwenye kitu kinachokua.

Mdomo umekwenda upande, jicho halifungi

Hapa Mombasa uso ukipinda usiku mmoja, neno la kwanza husemwa ni upepo, na wako wanaosema mtu kapigwa kofi na jini. Kisomo hakimdhuru mgonjwa. Kinachomdhuru ni siku tatu nne zinazopita kabla hajaonwa na daktari, kwa sababu dawa inayosaidia zaidi inatakiwa ianzwe ndani ya saa 72.

Anza kwa kujua upande mgonjwa ni upi. Mdomo huvutwa kuelekea upande wenye nguvu, kwa hivyo jamaa wengi humwonyesha daktari upande mzima wakidhani ndio ulioharibika. Upande mgonjwa ni ule uliotulia: mkunjo wa shavu umefutika, jicho liko wazi kuliko la pili. Wengi hugundua asubuhi wakitia udhu au wakipiga mswaki. Maji ya kusukutua yanachuruzika kwenye pembe ya mdomo hata ukibana vipi, na sabuni inaingia jichoni kwa kuwa ukope haushuki wote. Mwambie afumbe macho kwa nguvu: jicho la upande huo litageuka juu, uone weupe tu chini ya ukope.

Sasa kipimo chenye uzito kuliko vyote. Mwambie ainue nyusi, akunje paji la uso. Paji likibaki laini upande ule ule wa mdomo uliolegea, neva ya 7 yenyewe ndiyo iliyoshindwa. Paji likikunjika sawasawa pande zote mbili huku mdomo umelegea, hesabu kuwa ni kiharusi mpaka ithibitike vingine. Sababu ni kwamba sehemu ya juu ya uso hupokea amri kutoka nusu zote mbili za ubongo. Nusu moja ikizimwa na kiharusi, nyingine bado inainua nyusi. Mkono kulegea, maneno kukwama, mwendo kuyumba au kuona viwili vikiambatana na uso uliopinda, hata paji likiwa limelala, nako ni kukimbiliwa hospitali kubwa yenye mashine ya CT ya kupiga picha ya ubongo saa hiyo hiyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, kwa hivyo andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho. Usimpe aspirini nyumbani. Kama ni damu iliyovuja ubongoni, utaizidisha.

Neva ya 7 ikishindwa ghafla bila sababu nyingine kuonekana, ugonjwa huo unaitwa kupooza kwa Bell, kwa jina la Charles Bell, mpasuaji wa Uskoti aliyeieleza neva hii mwaka 1821. Kinachotokea ni uvimbe mahali pasipo na nafasi. Ikishatoka kwenye shina la ubongo, neva huingia kwenye mfupa wa sikio pamoja na ya 8, hupita katika mfereji mwembamba wa mfupa, kisha hutokea chini ya sikio, hupenya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio na kujigawa matawi matano. Ndani ya mfereji huo ikivimba haina pa kupanukia, ikajiminya yenyewe. Humo ndimo inapotoa matawi ya machozi, ya kimsuli kidogo kinachotuliza kelele sikioni, na ya ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi. Ndiyo maana mgonjwa akilalamika kwamba honi za tuktuk zinamchoma sikio la upande ule, au ukwaju hauna uchachu ulimini upande mmoja, anakupa habari ya maana: hitilafu iko juu, ndani ya mfupa.

Tiba ni prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, kwa mtu mzima miligramu 50 kila siku kwa siku 10, au miligramu 60 kwa siku 5 kisha kupunguza 10 kila siku. Hii ni dawa ya kuandikiwa. Inapandisha sukari na presha, kwa hivyo pima vyote viwili kabla na uendelee kupima. Mwenye kisukari asinyimwe dawa, bali asimamiwe kwa karibu. Dawa ya virusi peke yake haitoshi. Huongezwa uso ukiwa umelegea kabisa.

Jicho lisisahaulike, maana uso unaweza kurudi na jicho likawa limeshaharibika. Weka matone ya machozi bandia kila saa moja au mbili mchana, malhamu ya macho usiku, na miwani ya jua nje, hasa wakati wa kusi vumbi na mchanga vinaporuka. Usiku fumba ukope kwa kidole kwanza, ndipo ubandike plasta laini. Plasta ikibandikwa jicho likiwa nusu wazi, litajikwaruza usiku kucha. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, mwone daktari wa macho siku hiyo.

Wagonjwa kama 7 katika kila 10 hupona kabisa hata bila dawa, na prednisoloni huongeza idadi hiyo. Dalili za kurudi huonekana ndani ya wiki 3 kwa wengi. Miezi 4 ikipita bila hata mtikisiko shavuni, si Bell, tafuta upya. Na tangu mwanzo si Bell ukiona haya: malengelenge ndani ya sikio au kwenye kaakaa (mkanda wa jeshi, unaohitaji pia asiklovia, dawa ya virusi, na mara nyingi huja na uziwi au kizunguzungu), usaha wa siku nyingi sikioni, uvimbe mgumu mbele ya sikio, uso uliolegea polepole kwa wiki kadhaa, pande zote mbili kwa pamoja. Kwa kila mtu mzima ambaye hajui hali yake, pima VVU. Uso kupooza hutokea hata virusi vikiwa vipya mwilini, na mkanda wa jeshi kwa kijana ni sababu tosha ya kupima.

Naona viwili viwili

Ziba jicho moja. Ukibaki unaona viwili kwa jicho lililo wazi, hakuna neva hapo: ni lenzi, mtoto wa jicho au miwani isiyofaa. Vikiwa kimoja mara tu unapoziba jicho lolote, macho hayaelekei mahali pamoja, na sasa uliza vimekaaje.

Vikiwa ubavuni kwa ubavuni, vikizidi kuachana ukitazama mbali, mathalani gari la matatu ng'ambo ya barabara, na zaidi ukitazama upande mmoja, ni neva ya 6, inayovuta jicho kwenda nje. Usiridhike haraka na neva hii. Shinikizo likipanda ndani ya fuvu, kwa sababu yoyote, mara nyingi ya 6 ndiyo ya kwanza kulalamika, hata kama chanzo kiko mbali nayo. Ya 6 pamoja na kichwa kinachouma zaidi asubuhi, kutapika au kuona giza kwa sekunde chache ukiinama, inataka picha ya ubongo. Na kwa anayeishi na VVU, inataka kupimwa maji ya uti wa mgongo kutafuta fangasi ya kriptokoka na kifua kikuu baada ya picha kuonyesha ni salama.

Kimoja kikiwa juu ya kingine, na shida ikazidi unaposoma au unaposhuka ngazi (zile ngazi za wima za nyumba za Mji wa Kale zitakuonyesha mara moja), ni ya 4. Ni nyembamba kuliko zote na ndiyo pekee inayotokea mgongoni mwa shina la ubongo, ikafanya safari ndefu kuliko zote ndani ya fuvu. Kwa hivyo pigo la kichwa, hata lisilopasua mfupa, huiumiza. Ajali za bodaboda hutuletea wengi. Mgonjwa huinamisha kichwa kuelekea bega la upande mzima ili picha ziungane. Tazama picha zake za zamani: kichwa kikiwa kimeinama tangu utotoni, hitilafu ni ya kuzaliwa nayo na imechoka tu kujificha.

Ya 3 ndiyo ya kuogopa. Hubeba misuli minne kati ya sita ya jicho, huinua ukope na hubana mboni. Ikishindwa yote, ukope huanguka. Ukiuinua kwa kidole unaliona jicho limeelekea nje na chini.

Ukope umeanguka

Hapa mboni ndiyo inayoamua. Zima taa, mwangazie tochi ya simu kwa pembeni sekunde moja mbili, linganisha.

Mboni ya upande ulioanguka ikiwa kubwa na haibani, huenda kuna mshipa wa damu uliovimba na kuikandamiza neva ya 3. Nyuzi za mboni zimekaa juu juu, ndizo zinazominywa kwanza. Pamoja na maumivu makali ya kichwa yaliyoanza kwa ghafla, ni dharura ya saa hiyo. Mshipa huo ukipasuka huua. Baada ya pigo la kichwa, mboni inayopanuka huku mtu anasinzia ina maana ubongo unasukumwa chini.

Mboni ikiwa sawa na ya pili, macho yanatembea vibaya na mgonjwa ana kisukari au presha, aghalabu ni mishipa midogo ya katikati ya neva iliyokosa damu. Hiyo hurudi yenyewe ndani ya miezi 3 hivi, sukari ikidhibitiwa. Hata hivyo mboni iangaliwe kila siku kwa wiki ya kwanza.

Mboni ikiwa ndogo na ukope umeshuka kidogo tu, si ya 3. Ni mfumo mwingine wa neva, unaopanda kutoka kifuani kupitia shingoni: piga picha ya kifua na uchunguze shingo. Na ukope unaoanguka jioni ukaamka asubuhi, mara kulia mara kushoto, hauna neva mbovu kabisa. Neva na msuli havielewani pale vinapokutana. Weka barafu iliyofungwa kitambaani juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 2. Ukope ukipanda milimita 2 au zaidi, umepata njia. Uliza kama anapaliwa au anapungukiwa pumzi, kwani hapo hasubiri miadi.

Uso unachoma kama umeme

Neva ya 5 ndiyo ya hisia za uso, kwa matawi matatu: paji na jicho, shavu na taya ya juu, taya ya chini. Tawi la tatu hubeba pia misuli ya kutafuna. Likilegea, taya ikifunguliwa huenda upande mgonjwa. Pembe ya taya si eneo lake, hiyo ni ya neva za shingo. Mtu anayesema uso wote umekufa ganzi hadi pembeni kabisa mwa taya hatuonyeshi mpaka wa neva hii.

Maumivu yake yanajulikana: mpigo wa sekunde chache hadi dakika 2, upande mmoja, mara nyingi shavuni au tayani, unaoamshwa na kuosha uso, kutafuna mahamri, au upepo wa feri ya Likoni ukigusa shavu. Kati ya mpigo na mpigo hakuna maumivu. Wagonjwa wengi, hasa waliopita miaka 50, hufika wakiwa wameshang'olewa meno mawili matatu mazima. Jino bovu huuma kwa baridi na moto, huendelea kupwita, na hujibu likigongwa. Lisipofanya hivyo, lisiguswe. Dawa ni karbamazepini, kuanzia miligramu 100 mara mbili kwa siku, ikipandishwa polepole. Ukitokea upele, acha na urudi kwa daktari mara moja. Parasetamoli haifui dafu hapa. Aliye chini ya miaka 40, anayeumwa pande zote mbili, au mwenye ganzi ya kudumu, apigwe picha ya MRI.

Vipele vya mkanda wa jeshi vikitokea kwenye paji, angalia ncha ya pua. Tawi linalokwenda puani ndilo linalokwenda ndani ya jicho, kwa hivyo kipele hapo ni tiketi ya daktari wa macho siku hiyo hiyo. Asiklovia ni miligramu 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7 hadi 10, ikianzwa ndani ya saa 72.

Giza machoni

Jicho moja tu likififia, hitilafu iko mbele ya makutano ya neva za 2. Likiuma ukilisogeza na rangi nyekundu ikaonekana imechujuka, neva imevimba. Pembe za nje za macho yote mawili zikipotea, kiasi cha kugonga milango kulia na kushoto, tezi ya pituitari chini ya makutano imekua. Nusu ile ile ya macho yote ikipotea, tatizo liko nyuma zaidi, ubongoni. Anayetumia dawa za TB zenye ethambutoli na akaanza kuchanganya nyekundu na kijani, aende kliniki leo. Asisubiri tarehe yake.

Kizunguzungu na uziwi

Kizunguzungu cha chini ya dakika moja, kinachokuja ukijigeuza kitandani au ukiinua kichwa kutazama juu, ni chembe za chokaa zilizopotea njia ndani ya sikio. Vidonge haviziondoi, mwendo huziondoa. Mgonjwa aketi kitandani, ageuze kichwa nyuzi 45 upande mgonjwa, alazwe chali haraka kichwa kikining'inia kidogo ukingoni. Subiri mpaka kizunguzungu kiishe, kama nusu dakika hadi dakika. Geuza kichwa nyuzi 90 upande wa pili, subiri tena. Kisha ageuze mwili mzima upande huo hadi pua ielekee sakafuni, subiri, aketi polepole. Mwenye shingo mbovu asifanyiwe nyumbani.

Kikidumu siku nzima na kutapika, ni uvimbe wa neva ya 8 au kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo. Asiyeweza kusimama bila kushikwa, au anayeona viwili, achukuliwe kuwa ni kiharusi. Uziwi wa ghafla wa sikio moja, baada ya kuhakikisha si nta, unahitaji daktari wa masikio, pua na koo ndani ya siku chache. Uziwi wa polepole wa sikio moja na mvumo usiokoma unahitaji MRI. Sindano za amikasini, jentamaisini na streptomaisini huua seli za sikio; mvumo ukianza, sema kabla ya sindano inayofuata.

Sauti, kumeza, bega na ulimi

Mwambie afungue mdomo aseme "aaa". Kilimi, kinyama kinachoning'inia kooni, huvutwa kwenda upande mzima, na kaakaa la upande mgonjwa hubaki chini: ndizo za 9 na 10. Chai inayotokea puani na kupaliwa mara kwa mara vina maana hiyo hiyo. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3 ichunguzwe kwa kamera ya koo. Tawi la kushoto la neva ya 10 linalokwenda kwenye zoloto hushuka hadi kifuani, hupinda chini ya mshipa mkubwa wa moyo, kisha hupanda tena. Saratani ya pafu au tezi za kifua kikuu hulibana huko. Kwa hivyo sauti ikipotea, kifua nacho kipigwe picha.

Bega lililoshuka na mkono usiopanda juu ya usawa wa bega baada ya kukatwa tezi shingoni ni ya 11.

Ulimi ukitolewa nje huelekea upande mgonjwa, kinyume na kilimi, kwa kuwa upande wenye nguvu ndio unaousukuma. Ukiwa pia umesinyaa na unatetemeka ukiwa umetulia mdomoni, neva ya 12 yenyewe imeumia.

Ladha ikipotea yote, huwa ni pua, si ulimi. Jaribu kunusa kahawa au sabuni, tundu moja moja. Amonia haifai kwa kipimo hiki. Inachoma, na mchomo husikiwa na neva ya 5, hivyo hata asiyenusa ataitambua. Mafua na UVIKO-19 ndivyo visababishi vikubwa. Baada ya pigo la kichwa, nyuzi za neva ya 1 huwa zimekatika pale zinapopenya mfupa juu ya pua.

Neva nyingi kwa pamoja

Ya 3, ya 4, ya 6 na paji kufa ganzi, jicho limevimba na homa juu: hitilafu iko nyuma ya jicho, mara nyingine kutokana na jipu la pua lililokamuliwa. Ya 5, ya 7 na ya 8: uvimbe kati ya shina na mfupa wa sikio. Ya 9, ya 10 na ya 11: tundu moja chini ya fuvu. Zikianguka ovyo bila ujirani, fikiria utando wa ubongo (TB, kriptokoka, saratani) au saratani ya nyuma ya pua, hasa kukiwa na tezi shingoni na pua inayotoka damu.

Neva za pande zote mbili zikishindwa kwa saa chache, ni sumu mpaka ijulikane vingine. Kope zote mbili zikianguka baada ya kuumwa na nyoka, kupumua kunafuata: usikate, usifyonze, usifunge kamba ya kuzuia damu, tuliza mguu usitikisike na mkimbize. Midomo na ulimi vikianza kufa ganzi baada ya kula bunju, sumu yake haimalizwi kwa kupika na haina dawa ya kuizima. Mgonjwa huokolewa kwa mashine ya kupumulia mpaka sumu iishe mwilini, kwa hivyo peleka moja kwa moja hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi, uwaambie mlangoni alichokula na saa aliyokula.